Hatukuwa tunapumzika, ziwa lilikuwa limefungwa

Wiki iliyopita kwenye grupu la WhatsApp la kwaya mtu katuletea ushuhuda. Umeandikwa na binti wa Kimarekani, mmoja wa wale vijana 9 waliokuja kujitolea kijijini kwetu Julai 2024, na mwenzetu mwenye nia njema kaupitisha kwenye programu ya kutafsiri ili sote tubarikiwe. Kichwa chake: "Masomo matano ya imani niliyojifunza kiangazi kile Kigoma". Chini yake zikashuka amina kama mvua ya Novemba. Na mimi niliandika amina, siwadanganyi. Nikaweka simu mfukoni, nikaenda kufungua duka pale Mwanga. Kufika saa nne nilikuwa bado nimefura, mteja kaomba swichi nikampa soketi.

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wao. Wiki 4, duka nimemwachia mdogo wangu, posho yangu ni fulana yenye msalaba na ramani ya Afrika. Kwa hiyo naomba niruhusiwe kununa kidogo.

Somo la kwanza, anasema, ni kupumzika kwa Bwana. Kwao watu wanakimbia tangu asubuhi, hawana muda na Mungu wala na jirani. Kwetu alikuwa akitoka nje anakuta wanaume wamekaa chini ya mwembe, wanawake wamekaa mchangani wamenyoosha miguu, hakuna anayeharakisha, hakuna anayetazama saa. "Wanajua kungoja," kaandika. Akaweka na mstari wa Zaburi.

Jamani. Julai 2024! Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa!

Nyie mnajua. Kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, hakuna kuvua. Vipe, mitumbwi yetu ya kuvulia, vimevutwa juu mchangani, nyavu zimekunjwa, taa za sola za kuvutia dagaa usiku zimefungiwa ndani, vijana waliokuwa wanalala asubuhi baada ya kazi ya usiku sasa wanalala usiku na asubuhi pia. Wale wanaume chini ya mwembe walikuwa wanahesabu siku. Mmoja alikuwa na deni la injini, mwingine alishauza baiskeli na alikuwa anajadiliana na nafsi yake kuhusu redio. Wanawake walikaa mchangani kwa sababu hapo ndipo wanapokaa kila siku wakianika dagaa, na miguu imezoea kwenda hapo hata pasipo na dagaa wa kuanika. Kama huko ni kupumzika kwa Bwana, basi na mgonjwa aliyetundikiwa dripu anapumzika kwa Bwana.

Sisemi kulifunga ziwa ni kosa. Sitaki kesho niambiwe napinga serikali. Samaki wamepungua, migebuka tuliyokuwa tunaibeba kwa mkia ikiburuza chini utotoni leo watoto hawaijui, na nchi zote nne zenye ziwa hili, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana. Sawa. Dawa ni chungu, tumeimeza. Ninachokataa ni mtu kuja kututazama tukikunja uso kwa uchungu wa dawa halafu akaandika kwamba tuna cheko zuri.

Na kinachoniuma ni kwamba pumziko analolitafuta lipo kweli, na angelikuta kama angekuja mwezi mwingine. Kila mwezi mbalamwezi ikiwa pevu, kazi inasimama yenyewe. Taa haishindani na mwezi, dagaa hawaifuati, hakuna aliyetoa amri. Siku zile nyavu zinashonwa, ndoa zinasuluhishwa, watoto wanacheza mpaka saa nne usiku kwa sababu kuna mwanga wa bure, na kwaya yetu inafanya mazoezi ya ukweli maana mabesi wote wapo nchi kavu. Babu yangu, ambaye aliingia kanisani mara mbili tu, ya pili akiwa amebebwa, alikuwa anasema huo mwezi ndio Jumapili ya mvuvi. Hilo ni somo la imani, kama ni lazima tupate somo. Lakini halionekani na mtu mwenye tiketi ya ndege ya kurudi tarehe 31.

Somo la pili, kwamba tuna furaha ingawa hatuna kitu: tulikuwa na wageni. Mgeni huchekewa. Somo la tatu, ukarimu wetu: mchele ule ulikopwa dukani na deni likaisha Septemba, na kuku waliochinjwa ni 7, niliwahesabu, wawili wakiwa wa kutaga. La nne linahusu nyota. Sina neno na nyota, nyota kwetu ni nzuri.

Kabla sijafika la tano naomba nitoe moja lililokaa kooni. Walikuja na shanga za kufundishia watoto. Mnazijua: njano mbinguni, nyeusi dhambi, nyekundu damu, nyeupe moyo uliotakaswa, kijani kukua. Mtoto anavishwa mkononi anakwenda nayo nyumbani. Kijana aliyeshika kipaza sauti kainua ile nyeusi, kasema rangi hii ni dhambi, na watoto kama 60 weusi ti kwa jua la Tanganyika wakanigeukia mimi niwaambie kasemaje. Nikasema, "Hii ni giza la usiku usio na mwezi, mtu hajui aendako." Wakaelewa mara moja. Kijana akafurahi jinsi walivyoelewa. Wala hakuwa na ubaya wowote, hakuwahi kufikiri tu, na pale kanisani hakuna mkubwa hata mmoja aliyefikiri kumwambia.

Ndiyo kazi ya mkalimani ilivyo. Unasafisha njia. Unaondoa miiba kwenye sentensi kabla hujaipitisha upande wa pili. Unasifiwa kwamba mambo yalikwenda vizuri.

La tano sasa. Lina picha. Mama mmoja wa kwaya, simtaji, wa kwetu mtamjua kwa kitenge, amekaa kando ya kichanja kitupu. Wavu umekauka, magamba mawili matatu yamenata yanang'aa. Juu ya picha yameandikwa maneno kwa herufi za madaha: Mungu anajua. Na maelezo ya binti: nilimuuliza mama huyu anataka nimwombee nini, akanitazama kwa utulivu ambao sijauona kwa mtu yeyote, akasema tu, Mungu anajua. Hakuomba chochote. Nikajifunza kwamba imani ni kutokuomba.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, kivuli changu kimeingia kwenye picha, angalieni kona ya kushoto.

Alichosema mama ni hiki: "Mwambie Mungu anajua. Na mwalimu mkuu anajua, na mwenyekiti anajua. Mwanangu kidato cha kwanza karudishwa nyumbani wiki ya pili leo kwa mchango wa chakula, debe la mahindi na 15,000, na mimi dagaa wa kuuza sina mpaka Agosti. Sasa aniombee nini ambacho hao wote hawakijui?"

Ada ilifutwa mwaka 2016, najua, msinikumbushe. Mchango ni mchango.

Nikamgeukia binti nikasema kwa Kiingereza: anasema Mungu anajua. Nikanyamaza.

Kwa nini nilinyamaza? Nina sababu tatu na zote zinanitia aibu. Tulionywa na wazee wa kanisa kwamba wageni wasiombwe hela, maana mwaka uliotangulia watu waliwaomba mpaka viatu. Mchungaji alikuwa amesimama hatua 5 kutoka pale. Na ya tatu, ndiyo kubwa: niliona haya kwa niaba yetu. Sikutaka binti yule arudi kwao na habari ya debe la mahindi. Nilitaka arudi na kitu kizuri. Nikampa nusu ya sentensi, naye kwa uaminifu kabisa kaichukua ile nusu akaipamba.

Na hapo ndipo lugha inaponichekesha. Nani kati yetu anasema "Mungu anajua" akiwa ametulia? Hayo ni maneno ya mtu aliyepeleka kesi kwa mjumbe, kwa mtendaji, kwa shemeji, wote wakamwambia njoo kesho. Mwenye nyumba akikudhulumu kodi unamwambia Mungu anajua, na yeye anaelewa ametishwa. Mjane aliyenyang'anywa shamba anasema Mungu anajua, na ukoo mzima unainamisha macho. Kwa Kiingereza nilichokitoa mimi ikageuka kuwa mto wa kulalia.

Jumamosi moja niliwapeleka Ujiji. Kila mgeni hupelekwa Ujiji. Mwembe, mnara, jumba la makumbusho, sanamu za Livingstone na Stanley wakisalimiana. Binti alilia, na mimi wakati ule nilimheshimu kwa machozi yake. Kumbe ningemwambia pale pale kwamba mtu wa kwanza kumsalimia Stanley kwa Kiingereza siku ile ya mwaka 1871 alipofika kumtafuta Livingstone hakuwa Livingstone mwenyewe. Alikuwa Susi, mtumishi wake. Huyo Susi na mwenzake Chuma, Livingstone alipofariki mwaka 1873 kule Zambia ya leo, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba pamoja na wenzao mpaka pwani, miezi na miezi. Walipofika Unyanyembe, Tabora hapo, wakakutana na Waingereza waliowashauri wamzike papo hapo. Wakakataa. Walifika Bagamoyo Februari 1874, na mwili ukavuka bahari, na mazishini London Susi na Chuma hawakuwepo. Na kwa umaarufu wote wa Livingstone, anayetajwa kuwa aliongoka kwa mkono wake ni mtu mmoja, Sechele, mfalme wa Bakwena wa Botswana ya leo, ambaye alimrudia mmoja wa wake zake aliowaacha ili abatizwe, akatengwa na meza ya Bwana, na akaendelea kuhubiri watu wake bila kumwomba mtu ruhusa.

Sikuyasema. Ilikuwa saa sita mchana, bajaji zinangoja, na mmoja wao tumbo lilikuwa limevurugika kwa sombe, yaani kisamvu cha mawese.

Haya, niseme na zuri lao, maana mke wangu kasoma nusu ya makala hii akaniambia nimekuwa mchungu kama shubiri. Kulikuwa na kijana mmoja mrefu, mpole, Kiswahili chake kilikuwa "mwakeye" na "asante" tu, na mwakeye si Kiswahili, ni salamu ya Kiha. Ulipotokea msiba wa mtoto mchanga, wenzake walitoa pole wakarudi kulala. Yeye alivuta mkeka, akalala nje na wanaume siku 3. Hakupiga picha. Asubuhi alipasua kuni, vibaya, mzee mmoja akamnyang'anya shoka asije akajikata. Hakuna ushuhuda wake popote, nimeutafuta. Wazee wale wamisionari wa kwanza waliofika Ujiji mwaka 1878 na 1879, Waprotestanti na Wakatoliki, nina maneno mengi juu yao, lakini angalau walikaa mpaka wakajua kilio cha msiba kinaanzaje, na wengi walizikwa huku huku.

Juzi Jumamosi nilipanda boti Kibirizi nikaenda kwa yule mama. Nilimkuta anageuza dagaa kwenye kichanja, wengi, wanang'aa, safari hii mwezi ulikuwa mdogo na usiku ulikuwa na kazi. Nikampa shikamoo, nikamsomea ule ushuhuda wote kutoka kwenye simu. Alisikiliza bila kuacha kugeuza. Kwenye nyota alicheka. Alipoiona picha akasikitikia kitenge, kumbe kilikuwa kimechanika pembeni na hakuna aliyemwambia. Nikafika pale kwenye Mungu anajua. Akasimamisha mkono.

"Na ile nusu nyingine, mwanangu, uliipeleka wapi?"

Nikamwambia ukweli. Akarudi kwenye dagaa wake. Mtoto alirudi shule, alisema, baada ya ziwa kufunguliwa, ila alikuta wenzake wamefika mbali kwenye hesabu na mpaka leo hesabu hazijakaa sawa. Alisema hivyo kwa sauti ile ile ya kusema bei ya sado.

Nina anwani ya barua pepe ya binti. Tangu Jumapili nakaa usiku duka likishafungwa naiandika upya ile sentensi, yote, na debe lake na 15,000 yake. Kinachonikwamisha ni neno mchango. Kila neno la Kiingereza ninaloliweka hapo linasikika kama kitu anachotoa mtu akipenda.