Shida si mafunzo, ni kazi wanayopewa
Kuna makala nimesoma inayodai eti vikosi maalumu vinashindwa siku hizi kwa sababu mafunzo yamelegea. Hapo mwandishi kanipoteza. Chukua mfano wa askari wa miavuli: hubeba kile anachoweza kuruka nacho kutoka ndegeni: bunduki, risasi, silaha chache za kupigia vifaru, chakula cha siku mbili tatu. Kazi yake ni kushtukiza, akamate daraja au uwanja wa ndege, kisha jeshi zito limfikie upesi. Lisipofika, umahiri wote unageuka kuwa uvumilivu tu. Kule Arnhem, Uholanzi, Septemba 1944, askari wa miavuli wa Uingereza waliambiwa washikilie daraja siku mbili hivi. Waliofika darajani, hata elfu moja hawakutimia, walistahimili karibu siku nne mbele ya vifaru vya Wajerumani, na divisheni yao nzima iliyoshuka na watu kama 10,000 ikarudi ng'ambo ya mto na 2,000 na ushee. Hao nao mafunzo yalilegea? Hostomel, uwanja wa ndege karibu na Kyiv, Ukraine, Februari 2022, Warusi wakarudia yale yale: helikopta ziliwashusha uwanjani, ndege za kuwaletea wenzao hazikutua. Sasa nauliza wenzangu mliowahi kuvaa gwanda: ni majenerali wanaosahau hilo, au ni wanasiasa wanaolipenda mno neno "komando"?