Sentimita Mia Moja

Mwalimu wa mwanangu ameandika kwa wino mwekundu kwamba kazi ya mradi isiyo na picha za rangi haitasahihishwa. Ujumbe huo niliusoma Ijumaa saa tatu za usiku, mvua ikinyesha na nauli ikiwa imekwisha kufanya yale ambayo nauli hufanya mvua inyeshapo. Mtoto alitakiwa kwenda na mzazi mahali pa kihistoria, apime kitu kwa mikono yake mwenyewe, akichore na kukieleza. Katika vitu vyote vinavyopimika nchini Kenya, mwanangu alichagua reli.

Basi Jumamosi tulikuwa Makumbusho ya Reli ya Nairobi, mimi nikiwa nimevaa koti na viatu vilivyong'arishwa, na mfukoni nimetia futi ya kupimia nguo ambayo mke wangu, fundi cherehani, hakujua kwamba imetoka nyumbani. Vyombo vya mezani na taa za ishara tulivipita upesi. Tulisimama kidogo kwenye behewa ambamo mwaka 1900, katika stesheni ya Kima, simba aliingia usiku akamnyakua Ryall, ofisa wa polisi wa reli, ambaye alikuwa amekesha kumvizia simba huyo huyo hadi usingizi ukamshinda. Mwanangu aliuliza kama simba alikuwa na tiketi. Nilimwambia aliandike swali hilo, ila akanijibu kwamba halina alama.

Nje, kando ya kichwa cha treni namba 5918, nilikunja suruali, nikachuchumaa kati ya reli mbili na kunyoosha futi. Nikatangaza kwa sauti ya mtu mwenye shahada kwamba ni sentimita 113, na mtoto akaandika kwa kalamu ya wino.

"Kijana, hapo unapima nini?"

Nina miaka 46, na mvi zangu hazihitaji kutafutwa. Niligeuka nikamwona mzee wa makamo ya marehemu baba yangu, mwenye kofia ya kiua na bakora, mgeni kama sisi, ila alisimama pale kama mwenye nyumba. Nilimjibu kwa adabu kwamba ninapima upana wa reli.

"Upana wa reli ni huu," akasema, akigonga kwa bakora kichwa cha reli moja, yaani sehemu yake ya juu. "Unaopima wewe ni mwanya ulio kati ya reli na reli. Na umepima nje kwa nje, mwanangu, kana kwamba gurudumu hupita hewani. Rudia."

Nikarudia, safari hii katikati kwa katikati, nikapata 106. Mzee alishusha pumzi. Alikuwa amestaafu kutoka relini, ambako alianza kazi kwa kumtunzia dereva moto, na kwa namna alivyoniamrisha nilitambua kwamba alikuwa amepata msaidizi wake mwenyewe baada ya miaka hamsini. Sogeza goti. Usiilegeze futi. Ingiza kidole chini ya kichwa cha reli, ndani, ule ukingo unaoguswa na mbavu ya gurudumu, kisha uvute hadi ukingo wa ndani wa pili. Kila nilipojaribu kusimama, bakora ilinionyesha chini. Watalii wawili walinipiga picha, nadhani wakinichukua kuwa sehemu ya maonyesho.

"Ngapi?"

"Mia moja, mzee."

"Milimita elfu moja," akasahihisha, kisha akaanza somo nami ningali nimechuchumaa. Reli ya mita moja ilikwisha kuzoeleka India, akasema, na ndiko walikotoka wajenzi zaidi ya 30,000. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901 na kuitwa Reli ya Uganda ingawa ilikomea katika Kenya ya leo. Reli nyembamba hupinda milimani kwa gharama ndogo, lakini kichwa cha treni kirefu kigumu hakiwezi kupinda nayo. Ndiyo maana Manchester waliunda vichwa 34 vya aina hii mnamo 1955 na 1956, vyenye injini mbili, moja mbele na moja nyuma, tangi la mvuke likiwa limening'inizwa katikati, ili tani zipatazo 250 zijikunje kwenye kona kama chatu. Hiki kiliitwa Mlima Gelai, ambao uko Tanzania, kwa sababu wakati huo, akasema, reli ilikuwa yetu sote. Hapo alinyamaza kidogo, akapapasa chuma, nami nikapata nafasi ya kusimama.

Ningemshukuru kwa moyo mweupe, laiti mtoto asingekuwa tayari amekwisha kuandika 113 kwa wino, katika daftari ambalo kufuta kunakatwa alama. Nilipendekeza tuseme kwamba ni reli ya pekee. Mzee alinitazama kama mtu aliyependekeza kung'oa mataruma.

"Na ile reli mpya, ya SGR?" mtoto akamuuliza. Mzee akasema ni milimita 1,435, na kwamba abiria wake wa kutoka Mombasa hushukia Syokimau, kisha wanaotaka kufika mjini kwa treni hupanda hii nyembamba. Alilisema mara mbili, la pili akinitazama mimi, kana kwamba mpango huo niliupitisha kwa saini yangu. Mimi! Mimi ambaye kutoka nyumbani hadi kazini hupanda magari matatu na kudaiwa nauli ya manne!

Picha za rangi zilinigharimu kuliko kiingilio. Nyumbani niliirudisha futi kimya kimya katika sanduku la cherehani, na Jumapili jioni nikasikia naitwa kwa majina yangu yote mawili. Grisi ilikuwa imeingia barabara kwenye alama ya 100, kumbe na kwenye ile ncha ya mwanzo pia, na gauni la bibi harusi lililokuwa mezani lilikuwa na vidole viwili vyeusi ubavuni. Nilianza kumweleza habari za ukingo wa ndani wa reli.