Usivue Koti Mpaka Mei Itoke

Bibi mwenye nyumba niliyopanga, karibu na Bristol, Uingereza, ana miaka 80 na ushei, na paka mwenye miaka 17. Huniita mpenzi. Wiki ya kwanza nililala nimejifungia kwa ufunguo, hadi nilipomsikia akimwita hivyo hivyo fundi bomba na dereva wa basi.

Siku moja ya Aprili jua likawaka kweli, nami nikashuka ngazi na fulana. Akanizuia mlangoni, kidole juu: "Ne'er cast a clout till May be out." Nikaitikia kwa kichwa, nikarudi chumbani kufungua kamusi. Clout: kofi. Kumbe nakatazwa kumtandika mtu makofi mpaka Mei iishe! Nani kanichongea? Na Juni je, ruksa?

Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenifumbua macho. Clout ni neno la kale la nguo. Msemo wenyewe ni wa zamani, Thomas Fuller aliuchapa kwenye mkusanyo wake wa methali mwaka 1732: usipunguze nguo mapema, maana baridi ya huku huaga halafu ikajificha nyuma ya mlango. Ila kuna ubishi. Wako wasemao Mei ni mwezi, usubiri uishe. Wengine wanasema ni ua, kwa kuwa mti wa miiba uitwao hawthorn, unaopandwa kuzunguka mashamba, maua yake wenyewe huyaita may. Yakichanua, vua. Mimi sikutaka ushahidi zaidi. Koti langu la mtumba lina uzito wa gunia la mkaa; nikajiunga na chama cha ua siku hiyohiyo.

Wiki ya pili ya Mei miti ya hawthorn ya nyuma ya nyumba ikageuka myeupe pe. Nikakata tawi, nikachomwa na miiba mitatu, nikalitia kwenye jagi lake la kioo katikati ya meza ya jikoni. Harufu yake ilinirudisha Tanga, soko la samaki la Deep Sea, kwenye samaki wa jana. Nikakaa na shati langu jepesi kama wakili aliyekwisha kushinda kesi.

Bibi akaingia. Akalitazama tawi. Akanitazama mimi. Akamtazama paka. Kisha akapiga ukelele ambao nyumbani ungejaza mtaa mzima, akanyakua jagi, nalo likapita dirishani na maua na maji yake.

Ndipo nikaelezwa. Maua hayo hayaingizwi ndani. Ukiyaingiza, umeita mauti. Wala wazee wao hawakuzua tu. Yana kemikali iitwayo trimethilamini, ambayo hutoka pia kwenye mwili ulioanza kuoza, na ndiyo inayompa samaki aliyelala harufu yake. Enzi za maiti kukaa nyumbani siku kadhaa kabla ya maziko, harufu ile waliijua vizuri. Kwa hiyo pua yangu haikunidanganya, ila mimi niliwaza kitoweo wakati mwenzangu anawaza jeneza.

Nikatoka kuokota vioo na shati lilelile, upepo wa jioni ukanikuta hukohuko bustanini. Siku tatu nililala na mafua. Bibi aliniletea chai na supu, hakutaja Mei wala ua. Alilichukua koti tu, akalitandaza juu ya blanketi langu.

Paka ndiye aliyelipenda. Tangu siku ile halali pengine, na anakula kunishinda mimi.