Nyama na mboga trei moja ni sawa, ila zisiingie pamoja

Mapishi mengi yanayozunguka mitandaoni yanaagiza hivi: kata nyama, kata mboga, mwagia mafuta, changanya, weka ndani ya oveni saa moja, pakua. Ukiyafuata kwa kuku na viazi vya soko la Kalerwe, hapa Kampala, utapata nyama iliyochemka, karoti ngumu na nyanya zilizogeuka uji. Trei moja naiunga mkono kabisa, kwa sababu mafuta ya kuku yanayodondokea viazi yanashinda kiungo chochote cha pakiti. Ninachokipinga ni kuingiza kila kitu kwa mkupuo mmoja.

Tatizo ni maji. Nyama ina maji, mboga ndiyo kabisa, na mahali palipolowa joto halipiti kiwango cha kuchemka, ambacho Kampala, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, ni nyuzi 96 tu za Selsiasi. Ile rangi ya hudhurungi na harufu ya choma huanza kuja vizuri uso wa chakula ukifika nyuzi 140 na kuendelea. Trei ikijazwa pomoni, mvuke unakosa njia, maji yanatuama chini, na chakula kinapikwa kwa mvuke hata kama kitufe cha oveni kinaonyesha 220. Ukiongeza muda, mboga zinavurugika kabla nyama haijapata rangi.

Kwa hiyo pima trei kwanza. Trei ya sentimita 35 kwa 40 hubeba kilo mbili hivi kwa jumla, nyama na mboga, vipande vikiachiana upana wa kidole. Ukingo wake usizidi sentimita nne. Zile trei zenye kina kama sufuria ziachie keki.

Kwa trei hiyo chukua kilo moja ya mapaja ya kuku wa kisasa yenye mfupa na ngozi, nusu kilo ya viazi mviringo (vya Kabale au Kisoro, milimani kusini-magharibi mwa Uganda, vinafaa sana), karoti mbili, vitunguu maji viwili, gonja (ndizi ndefu ya kuchoma) moja iliyoiva na pilipili hoho moja. Kuku apakwe chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, akae kwenye friji bila kufunikwa usiku mzima, au saa moja ukibanwa. Kabla ya kumpika mkaushe kwa kitambaa safi. Ukitumia unga wa mchuzi wa pakiti, punguza chumvi kwa nusu, maana umo tayari na chumvi nyingi. Limau lisubiri mwisho. Kuku aliyeogeshwa limau na siki anaingia motoni amelowa, na huko ni kurudi palepale tulipotoka.

Viazi vikatwe vipande vya sentimita nne, vichemshwe dakika nane pamoja na karoti ndani ya maji ya chumvi. Kwa aliye Kabale kwenyewe, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, aongeze dakika mbili au tatu. Mwaga maji, rudisha sufuria kwenye moto mdogo nusu dakika mvuke uishe, kisha tikisa mpaka kingo za viazi zichubuke. Michubuko hiyo ndiyo itakayokuwa magamba makavu yanayolia mdomoni. Tia vijiko vitatu vya chakula vya mafuta ya alizeti. Siagi inaungua mapema kwenye joto hili.

Washa oveni nyuzi 210, trei ikiwa ndani, dakika 20 nzima. Weka kuku, ngozi ikitazama juu, viazi na karoti vikimzunguka. Baada ya dakika 20 geuza viazi na uingize vitunguu vilivyokatwa mara nne, hoho, na gonja iliyokatwa mshazari. Gonja imejaa sukari. Ikiingia tangu mwanzo itakuwa mkaa huku kuku bado ana damu mfupani. Nyanya, kama huna budi, zikatwe nusu, mbegu zitolewe, ziingie dakika kumi za mwisho. Kitunguu saumu kiwekwe punje nzima na maganda yake, kwani kilichotwangwa kinaungua na kuwa kichungu. Asali au sosi yoyote tamu nayo ipakwe dakika kumi za mwisho. Jumla ni dakika 45. Kama kuna kidari, kikitimiza dakika 30 kikague na ukitoe.

Kipimajoto cha nyama kinakata ubishi: nyuzi 74 kuku ni salama, lakini paja linakuwa laini zaidi kwenye 80 hadi 85. Asiye nacho achome karibu na mfupa na kutazama kama majimaji yanatoka meupe.

Haya yote ni ya kuku wa kisasa. Kuku wa kienyeji na mbuzi hawafai kuingia wabichi pamoja na mboga, na hapa ndipo mapishi ya kigeni yanapotupotosha zaidi. Mnyama aliyetembea sana ana nyuzi ngumu katikati ya misuli, nazo hulainika polepole sana. Kienyeji mchemshe kwa moto mdogo dakika 50 hadi 60, mkaushe, kisha achomwe na mboga dakika 30. Supu yake ichemshie viazi. Mguu wa mbuzi wa kilo mbili funika kwa foili na nusu kikombe cha maji, nyuzi 160, saa mbili na nusu. Ondoa foili, mimina majimaji kwenye bakuli, pandisha hadi 220, ndipo uzungushie mboga zilizochemshwa kidogo, dakika 35 hadi 40. Ukiyaacha yale majimaji ndani ya trei, kazi yote imekuwa bure.

Oveni ndogo za mezani zina waya za moto karibu mno na chakula. Weka trei rafu ya chini, punguza nyuzi 10 hadi 15, na uigeuze nyuma mbele katikati ya muda. Oveni za gesi nyingi huwaka chini tu. Huko trei ipande rafu ya juu, la sivyo viazi vitaungua matako ngozi ya kuku ikiwa bado nyeupe.

Umeme ukikatika, au yuniti za Yaka (mita ya umeme wa kulipia kabla) zikiisha katikati ya kazi, mlango usifunguliwe dakika kumi za kwanza. Joto lililobaki linaendelea kupika. Umeme usiporudi, washa sigiri (jiko la mkaa). Kuku amalizikie juu ya wavu, viazi vihamie kwenye kikaango chenye mafuta ya ile trei. Majimaji yaliyogandamana chini ya trei yakwangue kwa robo kikombe cha maji moto, kamulia limau, mimina pembeni ya sahani, yasiguse viazi.