Tulitua Mara Tatu kwa Safari Moja

Shemeji yangu, aliyekuwa na leseni ya urubani ya miezi michache tu, alitualika mimi na shangazi turudi naye Dar es Salaam kutoka Mafia kwa Cessna 172 ya kukodi, ndege ya viti vinne ambayo mlango wake haukubali kufungwa mpaka ubamizwe kama wa daladala kuukuu. Mimi nilikaa mbele, nimepakata ndoo ya pweza.

Dakika 40 hivi zilipita kwa amani. Tulipoyavuka mabati ya Gongo la Mboto, shemeji alishuka kwa kasi ya maili za baharini 65 kwa saa, jambo ambalo ni sahihi kabisa, kisha akainua pua mapema mno, tukiwa bado juu usawa wa paa la nyumba. Ndege iliishiwa mwendo, ikadondoka kama nazi. Puu! Shangazi akapiga makofi: "Alhamdulillahi, tumefika!" Wakati huo tulikuwa tumekwisha kurudi angani.

Hapo rubani hutakiwa aongeze moto, apae, azunguke na kuja upya. Shemeji, kwa hamu ya kuikamata ardhi, alisukuma usukani mbele. Na kwa kuwa uzito wa kutua hubebwa na magurudumu mawili ya nyuma, wala si lile dogo la mbele, tulitua kwa hilo dogo na kurushwa juu zaidi. Pweza mmoja alihamia begani kwa rubani. Shangazi alipiga makofi tena, safari hii machache. Mara ya tatu hakupiga: mguu wa mbele ulikunjika, panga boi likachimba lami, na pua ikainama kama inayosujudu.

Zimamoto walifika upesi. Mmoja wao, alipouona mnyiri ukining'inia kwenye usukani, aliuliza kwa upole abiria wa nne yuko wapi.

Fundi alieleza kwamba panga boi likishagonga chini, injini hufunguliwa yote hata kama inanguruma vizuri, kwa sababu kishindo huenda kimefika ndani kwenye mhimili wake. Shemeji alipouliza gharama, fundi alimvutia kiti kwanza.

Usiku ule, tukila pweza wa nazi, shemeji alifungua daftari lake la safari na kuandika: kutua, mara 1. Shangazi alichungulia.

"Andika tatu, mwanangu. Mbili nimezipigia makofi mwenyewe."