Bustani ya maji kidogo Dodoma: kustahimili ukame peke yake hakutoshi

Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, mitaa ya Ilazo, Nzuguni na Iyumbu imejaa nyumba mpya, na nyingi zimepandwa ukoka mbele ya baraza. Mvua za huku ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba, hukatika Aprili, na kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600. Kuanzia Mei, bustani inaishi kwa mpira wa maji.

Tupige hesabu. Ukoka wa mita 100 za mraba ukipewa milimita 4 kwa siku unakunywa lita 400, yaani ndoo 20. Tangi la lita 1,000 linakwisha kabla ya siku ya tatu kuisha, na hapo hujapika wala kufua. Wanaotaka tuachane nao wana hoja nzito.

Lakini wanaoutetea nao wasikilizwe. Ukoka hutuliza vumbi, hushika udongo, na watoto hucheza juu yake. Tena si mmea dhaifu. Ukinyimwa maji hukauka majani huku mizizi ikibaki hai, na mvua za kwanza zikinyesha huchipua. Kinachomaliza maji ni sisi kutaka uwe kijani mwezi Septemba. Anayekubali kuuona umekauka miezi michache hana sababu ya kuung'oa. Kibaya zaidi, kwa maoni yangu, ni kutandaza pevingi uwanja mzima: zinachemka mchana kutwa, na mvua ya Januari inakimbilia barabarani badala ya kuzama ardhini.

Wapo wanaoshauri tupande chochote kisichohitaji maji. Hapo ndipo ninapotaka tahadhari. Mathenge, mti wenye miiba, uliletwa Baringo, Kenya, miaka ya 1980 kwa sababu hiyohiyo ya kuhimili ukame. Ukasambaa, ukameza malisho, na mwaka 2006 wakazi waliishtaki serikali wakiwa na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake matamu. Dungusi kakati nayo imewasumbua wafugaji wa Laikipia. Hata mwarobaini, ambao kwa kivuli chake cha kiangazi nauheshimu sana, umeenea wenyewe ndani ya Hifadhi ya Saadani. Mmea usiokufa kwa ukame huenda usizuilike pia ukivuka uzio.

Kwa hiyo ningeanza na mimea inayoujua ukame wa huku. Mwenye kiwanja kikubwa apande mkwaju, lakini mbali na msingi wa nyumba. Mshubiri na bogenvilia zinatosha kupamba ukutani. Mlonge unakua haraka na majani yake ni mboga, ila usipokatwa hurefuka ukawa mti usiofikika. Mchicha unataka maji kila siku, nao usihukumiwe kama ukoka kwa sababu unaliwa: uwekewe tuta dogo karibu na jikoni, umwagiliwe maji yaliyooshea mboga na mchele.

Hata miche ya mkwaju inahitaji kumwagiliwa kiangazi chake cha kwanza, mpaka mizizi ishuke. Anayepanda Juni atabeba ndoo miezi mitano au sita mfululizo kwa mche ambao ungepandwa Desemba ungeanza maisha kwa maji ya mvua.