Mizani, mjomba na kangomba: nani mwovu msimu wa korosho?

Msimu ukifunguliwa Newala, Tandahimba au Ruangwa, ubishi ni uleule: anayemdhulumu mkulima kakosa malezi, au mfumo ndio umemfikisha hapo? Pande zote zina hoja, ila inategemea ni dhuluma ipi.

Chukua kangomba, yaani ununuzi wa korosho wa pembeni kwa bei ya chini. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza Mtwara msimu wa 2007/08 ili korosho zipite chama cha msingi cha ushirika, ghala kuu, kisha mnada. Ununuzi wa pembeni ukapigwa marufuku, lakini haukufa. Mwezi wa tatu mkulima hana kitu, mtoto anaumwa. Jirani anampa fedha, mwezi wa kumi achukue korosho. Tuseme kilo wameihesabu shilingi 1,000, mnadani ikafika 2,500: kwa gunia la kilo 80 mkulima kapoteza 120,000. Mwenye fedha anajiona msamaria, na kwa kweli ni yeye aliyefungua mlango usiku ule. Hapa wanaolaumu mfumo wananishawishi.

Mizani ni kesi nyingine. Gunia tupu la juti lina kama kilo moja. Karani wa chama anayepima hukata uzito huo; akikata mbili badala ya moja, kwenye magunia 50 kilo 50 zimeyeyuka, yaani shilingi 125,000 kwa bei ileile ya mnada. Huyu hakusukumwa na njaa. Mwenzake wa chama jirani, posho sawa, hakati. Hapo ni dhamira tu.

Lakini wizi huo unalindwa na wema wa watu wengine, na hili wahubiri wa maadili hulikwepa. Wamakonde, Wamakua na Wamwera kwa asili hufuata ukoo wa mama, na mjomba ana kauli nzito. Jandoni na unyagoni kijana hufunzwa kuheshimu wakubwa na kutunza siri. Mafunzo mazuri. Sasa karani akiwa mjomba, mpwa gani atamwambia arudishe mshale wa mizani kwenye sifuri?

Wakulima nao si malaika. Wapo wanaonyunyizia korosho maji au kuchanganya mchanga, wakisema anayeumia ni tajiri wa mnadani. Korosho huhitaji jua siku mbili tatu. Unyevu ukizidi asilimia 10 huota ukungu gunia likiwa limefungwa, kiini kinageuka njano, na shehena yote hushushwa daraja. Serikali iliponunua korosho mwaka 2018, daraja la kwanza lilikuwa 3,300 kwa kilo, la pili 2,640. Pengo hilo la 660 halimgusi tajiri: linakatwa kwa majirani waliochanganyiwa mzigo. Mtu huyohuyo hawezi kuiba kuku wa jirani. Shida ni kwamba ghalani jirani haonekani.

Kwa kangomba, mkopo mdogo wa mwezi wa tatu utafanya kazi kuliko mawaidha. Kwa mizani, jiwe la kilo 20 lipimwe kwanza mbele ya wote, gunia tupu lifuate, na kila uzito usomwe kwa sauti kabla ya kuandikwa. Ikiwa ndiyo kanuni ya kila asubuhi, mpwa hatalazimika kumuuliza mjomba chochote.